Shule ya Nusu Nusu ya Wasichana wa Hawo

Ukifika Kulamawe na uulize ni nani anayegombana na shule, hata mtoto anayechezea kokoto atakuonyesha boma la Hawo. Amegombana na chifu, amegombana na mheshimiwa wa wadi, amegombana na mume wake Jattani, na akimaliza hao wote hukaa peke yake nyuma ya nyumba agombane na Hawo. Watu husema ana mdomo. Lakini mdomo huo ulianzia mahali, na mahali penyewe ni wasichana wake wawili, Habsa na Tache, na namna alivyowagawia masomo.

Hawo mwenyewe alifika darasa la pili tu. Anajua kuandika jina lake, na akipita dukani anaweza kusoma neno SUKARI ukutani, basi. Siku moja alirudi nyumbani kutoka shule akapewa fimbo na mbuzi wa baba yake, na hakuna aliyemwambia kwamba shule imeisha. Alijua mwenyewe asubuhi iliyofuata, alipoona viatu vyake miguuni mwa mdogo wake.

Habsa na Tache walifuatana kwa karibu sana, mmoja bado ananyonya, mwingine yuko tumboni. Wakakua kimo kimoja na sura moja, hata nyanya yao aliwaita kwa jina lolote lililomjia kwanza mdomoni. Tofauti zao zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, Habsa anatumia mkono wa kushoto, na nyanya alijaribu kumwachisha kwa majivu na kwa kofi, akashindwa. Ya pili, Habsa alizaliwa kwenye zahanati, nesi akamwandika, akapata cheti cha kuzaliwa. Tache alizaliwa fora, kule mbali mifugo inakopelekwa nyasi zikiisha nyumbani, upande wa Merti, na aliyempokea ni huyo huyo nyanya. Hakukuwa na kalamu. Kulikuwa na wembe na uzi.

Walipofika umri wa darasa la kwanza, Jattani alisema neno ambalo wanaume wengi wa pale husema, na alilisema bila ubaya, kama mtu anayesema jua litachwa.

"Mmoja kwa kitabu, mmoja kwa mbuzi."

"Yupi?" Hawo akauliza.

"Hiyo ni kazi yako. Wewe ndiyo mama."

"Mimi nichague? Ukiambiwa utoe jicho moja, utatoa gani?"

"Nani amesema utoe jicho?" Jattani akacheka. "Mimi nimesema mbuzi wachungwe. Mbuzi hajichungi, Mama Habsa."

Hawo hakulala vizuri kwa neno hilo. Alijua watu wa maboma ya jirani walivyochagua: mwenye mbio alipewa mbuzi, mzembe alipewa kitabu. Alijua pia yule aliyepewa mbuzi hukaa vipi na yule mwingine wakishakuwa watu wazima. Yeye na mdogo wake mwenye viatu walikuwa wakisalimiana kwa simu siku ya Idi tu, basi.

Sasa, nyumbani kwa Hawo maziwa yalikuwa na sheria. Yakiwa mengi au yakiwa kidogo, yalipimwa kwa kikombe kimoja, mbele ya macho ya watoto wote, asije mmoja akalala akifikiri mwenzake amepata zaidi. Hawo akafikiri, akaona kitu kilichogawanya maziwa kwa miaka yote bila ugomvi hakiwezi kushindwa na shule. Akagawa. Muhula wa kwanza shuleni aende Habsa, Tache achunge. Muhula wa pili aende Tache, Habsa achunge. Muhula wa tatu wangepokezana, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Na kwa kuwa cheti kilikuwa kimoja, jina shuleni lilikuwa moja: Habsa Jattani. Jattani hakukataa. Mbuzi walikuwa wanachungwa.

Jambo hilo lilikwenda miaka kadhaa bila mtu kuliona. Ile shule ni ndogo, iko kando ya barabara ya vumbi, na walimu wake hawakai. Mmoja hupangiwa kazi, hufika, huangalia huku na huku, husikia mlio wa risasi za wezi wa mifugo usiku mmoja, na uhamisho wake unapatikana kabla hajajua majina ya watoto.

Kisha akaja Madam Roda. Huyu ni Mturkana wa Kiwanjani, pale Isiolo mjini, mwanamke mnene wa sauti ya chini, na alikuja na godoro, na kuku, na pazia. Watu wakaona pazia wakajua huyu amekuja kukaa. Muhula wa pili wa mwaka wake wa kwanza aliingia darasa la nne, akasimama nyuma ya msichana mmoja aliyekuwa anaandika, akasimama sana.

"Habsa," akasema, "mkono wako umehama lini?"

Tache akaangalia mkono wake wa kulia, akaangalia wa kushoto.

"Ule ulichoka, Madam. Sasa ni zamu ya huu."

Darasa likacheka mpaka kuku wa Madam wakaruka huko nje. Madam hakucheka. Jioni alitembea mwenyewe mpaka bomani kwa Hawo.

"Salaam aleikum, Mama Habsa," alisema, kwa sababu alishajifunza.

"Aleikum salaam, Madam. Karibu chai."

Alipokunywa nusu, akasema: "Mimi nimekuwa nikishangaa huyu mtoto wako. Muhula wa kwanza anajua kitu, muhula wa pili amesahau yote, lakini anajua kitu kingine. Nikasema labda ni ugonjwa wa kichwa."

"Si ugonjwa," Hawo akasema. "Ni haki."

Akamweleza yote, na kikombe akamwonyesha. Madam Roda alikishika kile kikombe, akakigeuza, akakirudisha.

"Nimeelewa, mama. Na sikulaumu. Lakini maziwa ukigawa, kila mtu analala na kitu tumboni. Kitabu ukigawa, huyu anajua mwanzo wa hadithi, yule anajua mwisho, na hakuna mwenye kujua ni nini ilitokea."

Neno hilo lilimwingia Hawo kama mwiba wa mgunga, unaovunjikia ndani.

"Basi nilete wote wawili," akasema mwishowe, "na Jattani nitamalizana na yeye."

"Lete. Lakini lete na cheti cha huyo mwingine. Siku hizi mtoto anaingizwa kwa kompyuta ya serikali kwa cheti. Mtoto ambaye hayuko kwa kompyuta, serikali haijui anakula, haijui anasoma, na mtihani wa darasa la nane hawezi kuandikishwa."

"Lakini yuko. Si unamwona?"

"Mimi namwona, mama. Kompyuta haimwoni."

Hapo ndipo Hawo alipoanza kusafiri. Elema, mwenye pickup ya kubeba mbuzi, alimbeba mara nyingi mpaka akamwambia: "Mama Habsa, wewe sasa uandikwe ubavuni mwa gari, watu wajue ni yako."

Kwenye ofisi ya vyeti mjini, kijana aliyevaa tai alimuuliza bila kuinua macho: "Mtoto alizaliwa wapi?"

"Fora."

"Fora ni hospitali gani?"

"Fora ni mbuzi."

Kijana akainua macho. Akamwambia kwa upole kwamba kama ni upande wa Merti, aende Merti. Hawo akaenda Merti, juu ya magunia, vumbi likamgeuza rangi. Merti wakamwambia mkunga aje ashuhudie.

"Mkunga alikuwa mama mkwe. Amekufa."

"Basi mwingine aliyeshuhudia."

"Waliokuwa karibu ni ngamia."

Wakacheka, naye akacheka kidogo, kwa sababu kulikuwa na joto na kulia kungemmaliza maji. Wakamrudisha kwa chifu wa kwao. Chifu akaandika barua kwa moyo mweupe kabisa, na barua ilipofika mjini ikaonekana muhuri ni wa zamani. Muhuri mpya ulipokuja, kijana mwenye tai alikuwa amehamishwa, na aliyekalia kiti chake akauliza: "Mtoto alizaliwa wapi?"

Wakati huo huo mheshimiwa wa wadi alikuja kufungua darasa jipya la nursery. Kaunti ilikuwa imelijenga vizuri, ukutani kumechorwa maembe na ndovu, na ndani kuna viti vidogo vya plastiki vya kila rangi. Hatua chache kutoka hapo darasa la nane lilikuwa linasoma kwenye kivuli cha mgunga, ubao umeegemezwa shinani. Hawo alimngoja mheshimiwa amalize kukata utepe.

"Mheshimiwa, na hawa wakubwa?"

"Mama yangu, kaunti ni ya nursery. Kuanzia darasa la kwanza kwenda juu ni serikali ya Nairobi."

"Kwa hivyo mtoto akitoka mlango huu aingie ule pale, amehama serikali?"

"Ndiyo hivyo, mama."

"Na akianguka hapa katikati ni wa nani?"

Mheshimiwa akacheka, akamshika bega, akasema huyu mama ni mkali, kisha akapanda gari. Hawo akabaki anaangalia. Nursery walikuwa wengi kama ndege kisimani, kwa sababu kulikuwa na uji. Darasa la tatu wamepungua. La sita, wavulana wamekwenda na ngamia. La nane wote wangeenea kwenye mkeka mmoja, na wasichana kati yao ungewahesabu bila kufungua ngumi. Ile shule ilikuwa kama lori la Merti: kila kituo watu wanashuka, hakuna anayepanda.

Cheti hakikupatikana. Jattani naye hakukubali mbuzi wakose mchungaji. Zamu zikaendelea, nusu nusu, mpaka mvua ikakataa.

Ilikataa mara ya kwanza, ikakataa tena, na watu wakaacha kuhesabu. Muhula wa tatu wa darasa la saba ulikuwa zamu ya Habsa kuchunga. Jattani akakusanya mbuzi waliobaki, akasema anawapeleka mtoni, Ewaso, na Habsa akaenda naye. Ilikuwa aende muhula mmoja. Lakini nyasi hazikurudi, na huwezi kumwita mtoto nyumbani mbuzi wako wanakufia mbali. Habsa akakaa huko, na Tache akasoma darasa la nane mfululizo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, muhula baada ya muhula. Akafunguka. Madam Roda alisema hajawahi kuona mtoto aliyefunguka hivyo, kama mche uliokuwa chini ya jiwe. Hawo akaanza kuota mtoto wake yuko sekondari ya mabweni, amevaa sketi ya marinda.

Ila kwenye mtihani jina lililoandikishwa lilikuwa la Habsa.

Jattani alipiga simu kutoka mtoni, akipaza sauti kwa sababu ya upepo. "Shida ni nini? Tache aandike, jina libaki la Habsa. Wote si wangu?"

Chifu pia alisema hivyo. Jirani pia. Na Hawo, tusimsingizie utakatifu, alitamani. Alimwita Tache, akamwambia.

Tache alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nikipita, Aayo," akamuuliza mama yake, "ni nani atakuwa amepita?"

"Wewe."

"Hapana. Habsa. Ataitwa sekondari Habsa. Ataolewa Habsa, atakufa Habsa. Na huyu Habsa wa mtoni tutamwita nani? Na mimi je, nirudi nyumbani niwe nani?"

Hawo akaenda kwa Madam Roda apewe jibu. Madam alikuwa ameketi mlangoni, pazia linapepea nyuma yake.

"Mimi nimefunga jicho moja miaka yote hii, Mama Habsa. Hili lingine siwezi. Siku ya mtihani anakuja msimamizi na polisi. Jina ni la Habsa, Habsa ndiye atakaa."

"Habsa hajashika kalamu tangu mwaka jana."

"Najua."

"Na huyu anayejua akae nje?"

"Najua, mama." Sauti yake ilishuka zaidi. "Usinifanye niseme mara ya tatu."

Basi Hawo akapanda lori kwenda mtoni. Alimkuta Habsa miguu imepasuka, shuka limekuwa rangi ya udongo, anamlisha mbuzi mmoja dhaifu majani kwa mkono ule wake wa kushoto. Alipoambiwa ni mtihani, hakubisha wala hakufurahi. Aliuliza tu, "Na mbuzi?"

"Baba yako atachunga."

Jattani alifungua mdomo, akamwangalia mke wake usoni, akaufunga.

Siku chache zilizobaki, wasichana walikaa kwenye zizi tupu, Tache akimfundisha mwenzake kwa kuchora mchangani na kijiti. Hawo alikuwa anasuka mkeka pembeni, anasikiliza. Na hapo ndipo alipoyaona mavuno ya kikombe chake. Tache anaandika hesabu, anafika katikati, anakwama, na Habsa anasema, "Si unageuza hii ya chini iende juu?" Tache anashangaa. Hilo lilifundishwa muhula wa kwanza, siku zote muhula wa kwanza. Kisha Habsa anakwama, na Tache anashika kijiti anaendelea. Swali linakwenda hivyo, huyu anaanza, yule anamaliza, na mwishowe jibu linatoka, sahihi. Wanagonga mikono. Wawili hao wakikaa pamoja ni mwanafunzi mmoja mzima, mwenye akili nzuri. Na kiti cha mtihani ni cha mtu mmoja.

Hawo aliuacha mkeka akaenda nyuma ya nyumba. Huko alimgomba Hawo kwa Kiborana, maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Siku ya mwisho ya mtihani Habsa alitoka chumbani amebeba viatu mkononi. Mama yake na Tache walikuwa wanamngoja nje ya ua.

"Ilikuwaje?" Hawo akauliza.

"Nilijitahidi, Aayo," Habsa akasema. "Lakini maswali mengi yalikuwa ya Tache."

Matokeo yalipokuja, hakuna aliyeshangaa. Habsa alianguka, na wenzake wengi pia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na nusu yake aliyoiacha fora. Mwezi wa kwanza wazazi wakaitwa shuleni. Afisa wa elimu alikuja kutoka mjini, mbuzi akachinjwa, watu wakaketi kwenye vile viti vidogo vya nursery, magoti yamefika kidevuni. Afisa akasema shule hii imeshika mkia. Akasema watoto wanaoanza ni wengi na wanaomaliza ni wachache, na wasichana ndio kabisa. Akauliza wanaenda wapi. Hakungoja jibu. Alisema shida ya huku ni moja, wazazi hawapendi masomo.

Hawo akasimama. Kile kiti cha plastiki kikasimama naye, kimemng'ang'ania, na watu wakaanza kucheka. Akakivua.

"Mimi nilileta wawili," akasema. "Mkaandika mmoja."

"Maswali baadaye, mama. Kaa chini."

"Mwingine nimemtafutia cheti Isiolo, nimetafuta Merti. Si fedha nimeomba. Nimeomba mwandike kwamba yuko."

"Mama, nimesema baadaye."

Akakaa. Baadaye ilikuwa nyama, na baada ya nyama gari likawashwa. Afisa alimpungia mkono kupitia dirishani, kwa heshima kabisa, mkono bado una mafuta.

Njiani kurudi Jattani, aliyekuwa amekuja na mbuzi waliosalia, alitembea nyuma yake. Walipokaribia boma akasema: "Umemaliza maneno?"

"Nimemaliza. Shule ikifunguliwa wanaenda wote. Habsa anarudia la nane, na Tache anakaa kando yake."

"Mwaka huu ndiyo mwisho wa huo mtihani, wamesema. Unakuja mtaala mpya."

"Ndiyo maana."

"Na mbuzi, Mama Habsa? Mbuzi hajichungi."

Hawo alinyoosha mkono, akachukua fimbo kutoka begani kwa mume wake. Jattani alibaki ameshika hewa mahali fimbo ilipokuwa.

Hivyo basi ndivyo mambo yalivyo sasa. Wanawake kisimani humcheka, mama mtu mzima anachunga kama msichana asiye na nyumba. Asubuhi ya kwanza ya muhula aliwapitisha mbuzi kando ya ua wa shule, polepole kuliko wanavyotaka mbuzi wenye njaa. Chini ya mgunga Madam Roda alikuwa anaita majina kutoka kwenye daftari la darasa.

"Habsa Jattani."

"Niko, Madam."

Madam akaendelea na wengine mpaka akafika mwisho, akalifunga daftari. Hawo akasimama. Mbuzi wawili walikuwa tayari wamepenya wanakula sukumawiki ya jikoni, na mpishi anakuja na mwiko. Hawo hakuwatazama.

Madam Roda aliliweka daftari chini, akaangalia mbele, akasema kwa sauti yake ile ya chini:

"Tache Jattani."

"Niko, Madam."

Hawo alishusha pumzi. "Cheti bado," akasema, wala hakujua anamwambia nani, kisha akainama akapita chini ya seng'enge kuwatoa mbuzi wake kwenye sukumawiki, huku mpishi akimtukana.